Njiwa wa Korongoni

Hodi ya kwanza Fundi aliipiga kwa sauti ya mgeni mwenye adabu. Ya pili aliipiga kama mtu aliyechoka. Ya tatu ilikuwa ya hasira, na kiganja chake kikabaki kikimuuma kwa baridi.

Kibandani kulikuwa na mtu, hilo halikuhitaji ramli. Moshi ulitoka kwenye bomba la jiko, harufu ya vitunguu ilipenya kwenye nyufa za mbao, na nyuma ya mlango sufuria ilikuwa ikiburutwa juu ya chuma. Lakini hakuna aliyesema karibu.

"Mimi nimezalisha wanawake kwenye nyumba za walevi," wifi yake alisema, akitua mkoba wake chini, "na hata walevi huitikia hodi."

Kisha mlango ukafunguliwa bila neno. Mwanamke mnene aliyejitanda shali ya sufi alisimama kizingitini, mwiko mkononi. Hakuwatazama usoni. Aliinamisha kichwa akaitazama miguu yao, wa kwanza, kisha wa pili, kama mtu anayechagua viazi. Aliporidhika kwamba ni miguu ya watu, yenye viatu vya tope na vidole vinavyoelekea mbele, alijisogeza kando wapite. Akafunga mlango nyuma yao na kuupachika mti wa kuuzuia.

"Karibuni," alisema sasa, kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Kaeni karibu na moto. Mvua imewakuta?"

Wifi wa Fundi, ambaye alikuwa mkunga na macho yake yalizoea kuona kile ambacho watu hawasemi, aliona pamba nyeupe ikichungulia chini ya shali, kwenye masikio yote mawili.

Fundi alikuwa mshonaji. Duka lake dogo lilikuwa chini, mjini, pale ambapo njia ya mlimani inaanzia na kuishia, kwa maana njia hiyo ni ya mzunguko kama pete: unapanda ukifuata mto, unapita msitu wa misonobari, unalala kibandani chini ya jabali, na kesho yake unateremka upande wa pili, kando ya korongo, mpaka unatokea palepale ulipoanzia. Wapandaji walimletea makoti ya mvua yaliyochanika na mikoba iliyokatika kamba. Mji mzima ulimwita Fundi. Mumewe naye alimwita Fundi.

"Fundi, chai iko wapi?" "Fundi, nimerudi." Lilikuwa jambo la kuchekesha. Siku moja wifi yake alimuuliza, "Hata kitandani?" wakacheka mpaka sindano ikamchoma kidole. Baadaye, peke yake, Fundi alijaribu kukumbuka jina lingine ambalo mume wake aliwahi kumwita. Hakulipata, akarudi kwenye cherehani.

Mumewe alikuwa mwongozaji wa wapandaji. Mlima ule aliujua kama anavyojua mfuko wa suruali yake, na mlima ule ndio uliomla. Jioni moja ya mwisho wa masika alitoka kibandani kwenda kukagua kamba ya kushikilia kwenye njia ya korongo, ili wageni wake wapite salama asubuhi. Hakurudi. Walipompata alikuwa chini ya korongo, mguu umevunjika, ameketi ameegemea mwamba. Baridi ndiyo iliyomuua, si kuanguka. Midomo yake ilikuwa wazi, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno, na waoshaji walishindwa kuifunga.

Fundi alimzika, akakaa eda, akafungua duka tena. Kisha akaja mteja mmoja na koti lililochanika begani, na wakati Fundi anapima kiraka, mteja akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Huko juu kibandani jioni kuna mtu anaita. Sauti ya kiume, inatoka korongoni. Wanasema ni yule mwongozaji aliyekufa."

Fundi alimaliza kushona kiraka. Mshono ulinyooka kama kawaida. Usiku ule alimwendea wifi yake, dada mdogo wa marehemu, akamwambia, "Nataka kwenda kumsikia."

"Wifi, yule si kaka," Mkunga alisema. "Kaka tumemzika. Kinachotumia sauti ya maiti kina jina lake, na wewe unalijua."

"Najua. Nataka nimsikie hata kwa mdomo wa jini. Aniite mara moja tu."

Mkunga alimtazama kwa muda, akafungua kinywa, akakifunga. Kulikuwa na kitu alichotaka kusema, na hakukisema. Badala yake alisema, "Basi hutakwenda peke yako."

Walipanda kutwa nzima. Misonobari ilisimama pande zote mbili, mirefu, imevaa ndevu za kijivu za kuvu zilizoning'inia mpaka usawa wa uso. Mkunga, ambaye alipenda mzaha hasa akiwa na hofu, alizipangua kwa mkono na kusema, "Mti mzee wenye ndevu na bado unanyonga kiuno. Huu unatafuta mke." Mwanzoni Fundi alicheka. Lakini walipopita kimo ambacho mto hausikiki tena, ndege nao wakanyamaza, wote kwa pamoja, kama wanafunzi mwalimu akiingia. Ukungu ukashuka. Harufu ya utomvu ikafifia na kuacha harufu nyingine, ya chuma kilicholowa. Kuanzia hapo Mkunga hakutania tena, na waliongeza mwendo mpaka walipoliona paa la kibanda.

Yule mwanamke wa mwiko, Mpishi wa kibanda, aliwapa supu ya dengu na mkate, akawatandikia vitanda katika chumba cha ndani. Fundi alipewa blanketi zito kuliko yote, jipya, na mto wa manyoya. Aliona, lakini hakulitilia maanani. Wageni wengine hawakuwapo. Msimu ulikuwa umekwisha, na waliobaki, Mpishi alisema, hawapendi kulala hapa siku hizi.

"Kwa nini?" Fundi aliuliza.

Mpishi aligusa sikio lake na kutabasamu kama kiziwi. Alikuwa mkubwa kwa Fundi kwa miaka mingi, uso umekunjamana, mikono ina makovu ya mafuta, mguu mmoja unaburuta kidogo. Mtu mwema, Fundi aliwaza. Mama wa watu.

Jua lilipoanza kuinama, Mpishi alianza kuimba. Hakuimba kwa furaha. Aliimba kwa nguvu, akisugua sufuria iliyokwisha kutakata, akipiga kifuniko, akikokota benchi. Dirishani ukungu ulikuwa umeegemea kioo.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Iliingia chini ya mlango: dawa ya kuchua, ile yenye karafuu na kafuri, ambayo mumewe alijipaka magotini kila alipotoka mlimani. Shuka za Fundi zilinuka hivyo kwa miaka. Alisimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Wifi," Mkunga alinong'ona. "Kaa."

Kisha sauti ikaita.

Ilitoka mbali, chini, kule korongoni, na ilikuwa yake, wala hakuna mke ambaye angedanganyika: ile mikwaruzo ya tumbaku, ile namna ya kuivuta silabi ya mwisho kama anayevuta kamba. Machozi yalikuwa tayari yamemfika Fundi machoni aliposikia neno lenyewe.

"Njiwaaa!"

Kimya. Moto ulipasua kuni.

"Njiwa! Njiwa wangu!"

Fundi alibaki amesimama. Alisubiri. Labda ni mwanzo tu, labda jina lake linakuja nyuma. Sauti ikaita tena, karibu zaidi, kwa upole ambao hakuwahi kuusikia ndani ya nyumba yake, upole wa mtu anayebisha mlango anaojua utafunguliwa. "Njiwa, nimeumia. Njiwa, njoo."

"Usiitike," Mkunga alisema, amemshika mkono. "Ukiitwa jioni na mtu usiyemwona, huitiki. Ukiitika umempa mkono."

"Haniiti mimi," Fundi alisema.

Macho ya Mkunga yalikwenda, kwa nukta moja tu, kwa yule mwanamke anayeimba mbele ya jiko, kisha yakarudi upesi na kutua sakafuni. Fundi alikuwa mtu aliyezoea kuona uzi mmoja uliokosewa katika mshono mzima.

"Wifi. Ulijua?"

"Kaka ni kaka," Mkunga alisema kwa shida. "Ningesema nini? Nilijua kuna mtu huku juu. Jina nilimsikia akilitaja siku moja usingizini, kwangu, alipougua. Mwenyewe sikuwahi kumwona mpaka leo."

Fundi aligeuka akamtazama Mpishi vizuri kwa mara ya kwanza. Kwa miezi yote, kama angejua kuna mwingine, angemchora kijana, mwembamba, mwenye macho. Angepata la kumchukia. Huyu alikuwa na visigino vilivyopasuka na kidevu chenye vinyweleo. Njiwa gani huyu? Kuku mtetea aliyechoka kutaga. Hilo ndilo lililomkata maini. Urembo angeusamehe, kila mwanamume ana macho. Lakini mumewe alipanda mlima huu mwaka baada ya mwaka, akiwa na magoti yale mabovu, kumfuata mwanamke huyu, na alipofika alimwita kwa jina tamu.

Dirisha la chumba cha ndani lilianza kutikisika, kama linalojaribiwa kwa ncha za vidole.

"Komeo lile bovu," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Nenda ulizuie, wifi. Nenda."

Mkunga alikwenda. Walimsikia akiegemeza mgongo wake kwenye ubao wa dirisha na kusoma dua kwa pumzi fupi fupi.

Fundi alimwendea Mpishi, akamgusa bega, akamwonyesha masikio. Toa. Mpishi aliacha kuimba. Alimtazama Fundi kwa muda, kisha akanyanyua mikono yake yenye makovu na kuitoa pamba, ya kulia, na ya kushoto, akaiweka juu ya meza kama mtu anayevua mapambo.

"Nilikujua tangu pale mlangoni," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwepo mazikoni. Nilisimama nyuma, na wale wanaokuja kwa ajili ya chakula. Nilitaka kukupa pole, dada, nikaona sina uso."

"Anakuita."

"Si yeye."

"Sauti ni yake."

"Sauti ni yake," Mpishi alikubali. "Jini hana maneno yake mwenyewe. Anaokota aliyoyakuta. Haya ndiyo maneno aliyoyakuta korongoni." Akafuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji. "Siku ile, dada, niliyasikia ya kweli. Ukumbi ulikuwa umejaa wageni. Nilimsikia akiniita kwa mbali, jina hilo, mbele za watu, na mimi nikaona haya. Nikadhani amelewa. Nikadhani anataka kuniumbua. Nikasema moyoni, ngoja aje, nitamkomesha. Nikawasha redio." Akaitazama pamba mezani. "Aliita mpaka usiku. Kisha akaacha. Nikasema, afadhali, amechoka na utani wake."

Nje, nyayo zilikuwa zimefika kwenye kokoto za mlangoni. Harufu ya dawa ya kuchua ilijaa chumba kizima, mpaka moto wenyewe ulionekana kunuka.

"Kila jioni naziba masikio," Mpishi alisema. "Ningeweza kuondoka. Lakini niende wapi nisikomsikia?"

"Njiwa," sauti ilisema nyuma ya ubao, karibu kabisa, kama mtu mwenye shavu mlangoni. "Baridi, Njiwa."

Mpishi alimtazama mke wa marehemu kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu, na kulikuwa na ombi katika macho yale, lakini Fundi hakujua ni ombi la kuzuiwa au la kuachiwa, na baadaye, katika miaka yote iliyofuata, hakuwahi kulijua.

"Dada, nifanye nini?"

Neno moja lingetosha. Kiganja kimoja mdomoni mwake kingetosha. Fundi alifikiria yote mawili. Alifikiria pia meza ya nyumbani, na chai, na miaka ya "Fundi, nimerudi."

"Mwitikie," alisema.

"Dada..."

"Siku ile hukumwitikia. Mwitikie leo."

Mpishi alifumba macho. Kisha akasema, kwa sauti nyororo ya msichana aliyeitwa na mtu anayempenda, "Abee."

Mti wa mlango ukaanguka wenyewe, na mlango ukafunguka polepole bila mlio, na ukungu ukaingia ukitambaa kwenye mbao za sakafu kama maziwa yaliyomwagika, ukauzunguka mguu wa meza, ukaupita moto uliokuwa umeinama kama nyasi, ukamfikia Mpishi na kumpanda mpaka kiunoni, na Mpishi akaanza kwenda, akiburuta mguu wake mbovu, mikono imenyooka mbele kama anayepokea mtoto, akielekea kwenye kile kilichokuwa kimesimama nje ya kizingiti, kirefu, chenye mabega ya mume wa Fundi na kofia ya mume wa Fundi na giza mahali pa uso, na Fundi, aliyekuwa nyuma, aliinamisha macho akaona pale ukungu ulipochanika miguu miwili mitupu, myeupe kama mizizi, iliyosimama na visigino mbele.

Yule mwanamke aliyetazama miguu ya kila mgeni, safari hii hakutazama.

Na Fundi, aliyeiona, hakumwambia.

Mlango ulijifunga. Dirisha la chumbani likaacha kutikisika. Mkunga alipotoka mbio, alimkuta wifi yake ameketi mbele ya meza, mbele yake vipande viwili vya pamba.

"Yuko wapi?"

"Ametoka."

"Nilisikia abee," Mkunga alisema. "Kabla yake nilisikia unazungumza. Ulimwambia nini, wifi?"

"Nilimwambia anaitwa."

Asubuhi waliteremka kwa njia ya korongo, maana mzunguko haurudi nyuma, na ndiyo njia waliyolazimika kupita. Ukungu ulikuwa umeinuka. Ndege walilia. Pale penye kamba ya kushikilia, Mkunga alichungulia chini na kuuma kidole chake ili asipige kelele. Mpishi alikuwa kule chini, ameketi ameegemea mwamba uleule. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amejisogeza upande mmoja, bega limebanwa kwenye jiwe, kama mtu aliyempisha mwenzake kwenye benchi. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na alikuwa ametulia kwa namna ambayo Fundi hakuwahi kumwona mtu mzima ametulia.

Askari wa msitu waliandika kwamba aliteleza. Mazishi yalikuwa ya watu wachache. Fundi alishona sanda, na hakuna aliyejua kwa nini alikataa kulipwa, ila Mkunga, ambaye alijua na akanyamaza.

Kibanda kilihitaji mpishi mwingine. Nani angepanda? Wote waliogopa. Fundi alikwenda ofisi ya mlima akaomba kazi hiyo. Watu walisema ni huzuni ya mjane. Anataka kuwa karibu na alipofia mumewe. Mkunga aliposikia alikuja dukani, akamkuta akifunika cherehani kwa shuka.

"Unakwenda kutafuta nini?"

"Mtu wake amekwisha kumpata," Fundi alisema. "Sasa hana mwingine wa kuita."

Mkunga aliduwaa. "Unamngoja jini akuite?"

"Nina haki yangu, wifi. Mimi ndiye niliyeolewa."

Basi alikaa kibandani. Kila jioni alipika, akaosha vyombo bila kelele, akaketi karibu na mlango usiofungwa vizuri. Na mwito haukukoma. Baada ya kimya cha muda mfupi uliongezeka, kama mbwa aliyeonja damu. Lakini sasa haukuita jina moja, bali uliokota majina kwenye mioyo ya wageni. Ulimwita mwalimu aliyekuja na wenzake, kwa jina ambalo mama yake tu ndiye aliyempa, kwa sauti ya mama yake. Ulimwita bwana mmoja mnene kwa sauti ya mwanawe aliyezama. Wageni waliamka wakilia, wakashikana, wakafungana mikono kwa kamba za mikoba yao. Sauti zilikuja mpaka mlangoni, zikabembeleza, zikataja majina matamu ambayo watu walidhani yamekufa pamoja na waliowaita. Fundi alisimama katikati yao, hajaziba masikio, hajafungwa kamba, neno likiwa tayari ulimini.

Sauti zilimpita. Jioni baada ya jioni zilimpita, kama zinavyoipita meza.

Hatimaye ofisi iliomba msaada, na Mkunga ndiye aliyepanda na tabibu wa majini, mzee mkavu mwenye kikohozi. Tabibu hakusema mengi. Alizunguka kibanda na chetezo cha ubani, akasoma mbele ya mlango, akaingia korongoni kwa kamba huku Mkunga akiomba asife huko. Jua lilipoinama walisikia kutoka chini kelele ya sauti nyingi kwa pamoja, za kiume, za kike, za watoto, zote zikiita, majina yakipandana juu ya majina, mpaka zikawa mlio mmoja kama wa nguo inayochanwa kutoka pindo hadi pindo. Kisha hakuna. Tabibu alipandishwa juu, ndevu zake zimeganda umande.

Aliketi karibu na moto, akanywa maji, akamtazama Fundi.

"Nani alimkabidhi jini yule mama?"

Mkunga alitazama pembeni. Fundi alisogeza kuni jikoni.

"Basi," tabibu alisema. "Jini nimemtoa. Hataita mtu tena mlimani hapa. Lakini ukisikia kitu baada ya leo, binti, usinitume mtu. Kitakachobaki si jini. Watu siwezi kuwafukuza."

Waliondoka asubuhi. Mkunga alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama kizingitini akifunga kamba za mkoba, na Fundi alingoja aseme lolote, hata tusi.

"Mimi sitapanda tena," Mkunga alisema. "Kaa salama, Fundi."

Hakusema wifi. Akashuka nyuma ya tabibu, na misonobari ikawameza.

Wageni walirudi kibandani. Walilala vizuri, wakasifu supu, wakapiga picha kwenye jabali. Kipindi chote cha kiangazi hakuna aliyesikia chochote. Masika yakaingia, wageni wakakatika, na Fundi akabaki peke yake na moto.

Jioni moja ukungu uliposhuka, alisikia mtu akicheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, cha mwanamke, kilichozuiwa kwa kiganja. Kilitoka kwenye kokoto, karibu na mlango. Baada yake ikaja sauti ya mwanamume, yenye mikwaruzo ya tumbaku, ikisema jambo kwa chini. Mwanamke akajibu. Hawakuita. Hawakutaka kitu. Walizungumza kama wanavyozungumza mume na mke taa ikishazimwa, nusu ya maneno ikimezwa na mto wa kulalia, na katikati kimya kirefu kisichomchosha yeyote. Fundi alisogea mpaka shavu lake likagusa ubao. Alishika pumzi apate kusikia, na alipata neno moja moja: magoti, kuni, si nilikwambia, lala.

Alingoja. Alingoja mpaka moto ukawa majivu na miguu yake ikafa ganzi. Hakuna aliyemtaja, hata kwa ubaya. Mwishowe akaufungua mlango wazi, akasimama mbele ya ukungu mweupe ambao haukuwa na mtu, na akapiga kelele kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Abee!"

Mazungumzo yalikatika.

Kisha, hatua chache tu kutoka aliposimama, ile sauti ya mumewe ikauliza kwa upole, ikimuuliza si Fundi bali aliyekuwa kando yake:

"Nani huyo?"

"Sijui," mwanamke akajibu. "Si mtu."

Na wakaendelea kuzungumza.